Gari Jipya, Rangi Ina Kasoro: Elewa Unachokiona Kabla Hujaita Fundi

Magari ya spoti mapya kabisa, yale ambayo dashibodi yake inasoma kilometa chache tu, bado ni machache Mwanza. Likionekana moja limeegeshwa Capri Point au nje ya Rock City Mall, watu hulizunguka, na wanaolizunguka huona mambo. Mmoja anasema boneti ina vinundu kama ganda la chungwa. Mwingine anaapa kwamba bampa na mlango havifanani, kwa hiyo gari liligongwa huko lilikotoka likapakwa. Kisha anatokea wa kumtuliza mwenye gari: usihangaike, kuna fundi Mabatini atalipiga msasa, aweke klia mpya, ile rangi angavu ya juu, litoke kama kioo. Mwenye gari aliyelipa fedha nyingi anabaki hajui kama ameuziwa mbovu au anaonewa wivu.

Ushauri huo wa mwisho ndio unaonitia hofu, na ndio ulionifanya niandike makala haya. Vinundu havijawahi kuharibu gari. Msasa umeharibu mengi.

Tukubaliane kwanza maana. Dosari ya kiwandani ni kasoro iliyoingia kwenye rangi kabla gari halijatoka getini mwa kiwanda: punje ya vumbi iliyonaswa, mchirizi, kishimo, mahali ambapo rangi ni nyembamba mno. Mkwaruzo uliopatikana melini, kokoto lililorushwa na lori njiani Singida, na alama za kitambaa cha mtu aliyeliosha gari kabla hujakabidhiwa si dosari za kiwandani, hata kama umeziona zote siku ile ile ya kwanza. Kila moja ina mdaiwa wake na ina tiba yake, ndiyo maana kuzichanganya kunagharimu.

Rangi ya gari ina nini ndani yake

Tukisema "rangi" tunadhani ni kitu kimoja. Kwa kweli ni tabaka nne, na karibu kila ubishi kuhusu kasoro unaisha mtu akishajua kasoro hiyo iko tabaka gani.

Bodi tupu, haijafungwa kiti wala waya, huoshwa na kupitishwa kwenye dawa ya fosfeti ili prayma ipate kushika. Kisha huzamishwa nzima kwenye tangi la prayma, na umeme hupitishwa humo ili prayma ivutwe hadi kwenye kona ambazo hakuna bomba la kupulizia lingefika. Hilo ndilo tabaka linalozuia kutu, na unene wake ni kama mikroni 20. Juu yake huja prayma ya pili, ya kusawazisha na kuikinga ile ya chini isipigwe na jua. Halafu rangi yenyewe, nyekundu au bluu uliyoichagua, ambayo ni nyembamba kuliko wengi wanavyofikiri: mikroni 15 hivi, na zaidi kidogo kwa rangi fulani. Mwisho ni klia, tabaka lisilo na rangi, lenye mikroni 35 hadi 50. Mng'ao wote unaouona uko kwenye klia, na ndani yake zimo dawa zinazozuia miale ya jua isiunguze rangi iliyo chini.

Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kipimo ambacho jicho halina namna ya kukizoea. Shika basi karatasi ya fotokopi: ina unene wa takriban mikroni 100. Rangi yote ya kiwandani, tabaka zote nne kwa pamoja, kwa kawaida ni kati ya mikroni 90 na 150, yaani karatasi moja, au moja na nusu. Klia peke yake haifiki karatasi nzima. Mara nyingi haifiki hata nusu yake. Fundi anapokuambia "nitaisugua kidogo tu", anasugua ndani ya hiyo nusu karatasi, na akiitoboa hairudi.

Jambo la pili la kushika ni moto. Kiwandani, prayma ya kwanza huokwa kwenye oveni yenye joto la nyuzi 160 hadi 180 za Selsiasi, na klia huokwa kwenye nyuzi 140 hivi. Hilo linawezekana kwa sababu wakati huo gari ni bati tupu. Gari likishafungwa nyaya, plastiki, viti na mpira, hakuna anayeweza kuliingiza tena kwenye joto hilo. Kwa hiyo rangi ya gereji, hata gereji bora kabisa yenye chumba cha kupulizia na oveni, hukaushwa kwa nyuzi 60 hivi, na inategemea hadina, dawa ya kugandisha inayochanganywa kwenye rangi, ili igande. Inaweza kupendeza sana. Inaweza kudumu miaka mingi. Lakini si ile iliyookwa kiwandani, na haiwezi kuwa ile. Mtu anayekubali gari jipya lipakwe upya kwa sababu ya punje tatu za vumbi anatoa kitu ambacho hakuna fundi duniani atakayemrudishia.

"Gari ni jipya, mbona lina vipele?"

Viwanda vya magari hupambana na vumbi kwa nguvu zote. Hewa huchujwa, wafanyakazi huvaa nguo zisizotoa nyuzi, na vipo viwanda ambavyo bodi hupanguswa kwa brashi za kuzunguka zilizotengenezwa kwa manyoya ya mbuni au emu kabla ya kupuliziwa, kwa sababu manyoya hayo hunasa vumbi vizuri. Pamoja na yote hayo punje chache hupenya. Mwisho wa mstari wa uzalishaji kuna watu wenye taa kali wanaozitafuta, kuzikata kwa kipande kidogo cha msasa na kupiga polishi mahali hapo tu. Nyingine huwapita.

Ganda la chungwa ni suala tofauti, na hapo ndipo wanunuzi wengi huumia bure. Rangi hutua kwenye bodi kama matone madogo sana, na matone hayo yanatakiwa yalainike na kuungana kabla ya kukauka. Yakipewa rangi nyingi yanaungana vizuri, lakini kwenye milango, ambayo imesimama wima, rangi nyingi huteremka na kuacha michirizi. Kiwanda huchagua kati ya hayo mawili, na hukubali vinundu kidogo ili kukwepa mchirizi. Ndiyo maana milango mara nyingi ina vinundu zaidi kuliko boneti na paa. Magari ya bei kubwa sana yanayoonekana laini kama maji yaliyotulia husuguliwa kwa mkono kwa saa nyingi, na saa hizo zimo kwenye bei. Vinundu vilivyotapakaa sawasawa gari zima, mkienda mkalinganisha na gari jingine la aina hiyo hiyo na vikafanana, si kasoro ambayo muuzaji yeyote atakubali kuilipia. Vinundu vilivyo kwenye mlango mmoja tu ni habari nyingine, na hivyo vina haki ya kuulizwa.

Kuhusu bampa: bampa la leo ni plastiki. Mara nyingi hupakwa mahali pengine, tofauti na bodi, na hukaushwa kwa joto dogo zaidi kwa sababu plastiki haihimili oveni ya bodi. Rangi za metaliki nazo zina vipande vidogo mno vya alumini ndani yake, na vipande hivyo vikilala tofauti kidogo, mwanga unarudi tofauti. Saa sita mchana jua la Mwanza likiwa utosini, bampa la fedha au la kijivu linaweza kuonekana limefifia kuliko fenda iliyo jirani, na jioni tofauti hiyo isionekane kabisa. Hiyo peke yake haithibitishi ajali. Rangi zinazopakwa tabaka tatu juu ya prayma, kama ile nyekundu ya Mazda iitwayo Soul Red Crystal au nyeupe zenye lulu, huonyesha tofauti hii zaidi, na ndizo ngumu kuliko zote kulinganisha gerejini.

Kuna hofu nyingine nimeisikia mara nyingi vijiweni: kwamba magari ya siku hizi hupakwa "rangi ya maji" na kwa hiyo mvua ya masika itaila. Ni kweli kwamba viwanda vingi vilihamia kwenye rangi inayoyeyushwa kwa maji badala ya tina, ili kupunguza mvuke wenye sumu unaokwenda hewani. Maji hayo yakishakauka kwenye oveni yamekwisha. Rangi inayobaki haiyeyuki tena kwa maji, na juu yake kuna klia. Ulaini wa rangi ya gari fulani, ule unaofanya likwaruzike kirahisi, unatokana na klia iliyochaguliwa na mtengenezaji, na maji hayahusiki.

Namna ya kulitazama

Ukaguzi ufanyike kabla ya kusaini, gari likiwa limeoshwa na kukaushwa, mchana. Usikubali kukabidhiwa jioni au mvua ikinyesha. Maji hujaza mikwaruzo na kuificha. Kama unaweza, mwambie muuzaji mapema asilioshe wala kulipiga polishi, aliache na vumbi lake, uoshaji usimamiwe na wewe. Sehemu kubwa ya alama za duara zinazoonekana kwenye magari mapya hutokana na kitambaa kikavu kilichopitishwa juu ya vumbi la safari, saa chache kabla mwenye gari hajafika.

Tazama kwanza kivulini, kisha juani. Kivulini, tafuta kitu kilichonyooka kinachoakisi kwenye rangi, kama taa ya mrija au ukingo wa paa la banda. Mstari huo ukivunjika-vunjika sawasawa, hilo ni ganda la chungwa. Ukipinda ghafla mahali pamoja, hapo kuna kibonyeo, mchirizi au ukarabati. Juani, au kwa tochi ya simu, alama za duara hujitokeza zikizunguka nuru. Kisha vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upapase taratibu sehemu iliyooshwa. Ukihisi chengachenga, mara nyingi ni vumbi la chuma lililotua kwenye gari bandarini au njiani, likang'ang'ania juu ya klia. Hilo huondolewa kwa dawa ya kuyeyusha chuma au udongo maalum wa kusafishia rangi, na wala si dosari ya kiwanda.

Ukikutana na mkwaruzo, upangusie maji. Ukitoweka ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, uko kwenye klia, na kwa kawaida unatibika. Usipotoweka, umefika kwenye rangi au zaidi. Pitisha ukucha: ukinasa, polishi peke yake haitoshi. Vipimo hivi viwili havikugharimu hata shilingi na ni vya kuaminika kwa kazi ya kila siku.

Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa kidogo cha mkononi, na mafundi wa magari na madalali wa magari yaliyotumika wanazidi kuwa nacho. Ni kizuri, ila kinasomwa vibaya. Kifaa cha bei ndogo hupima juu ya chuma tu, kwa sumaku, wakati magari ya spoti yamejaa alumini ili yawe mepesi. Toyota GR86, kwa mfano, ina boneti, paa na fenda za mbele za alumini. Kifaa cha chuma pekee hakitasoma kitu hapo, na mtu asiyejua atasema kuna pati, ule udongo wa kujazia mabonyeo. Unahitaji kifaa kinachopima chuma na alumini. Kwenye bampa la plastiki au bodi ya Chevrolet Corvette, ambayo tangu 1953 haijawahi kuwa ya bati la chuma, hata hicho hakifanyi kazi.

Kosa la pili ni kudhani kifaa kinakuambia unene wa klia. Hakikuambii. Kinatoa jumla ya tabaka zote. Mlango unaosoma 130 unaweza kuwa na klia ya 50 au ya 35, huwezi kujua. La tatu: paneli moja ikisoma 220 wakati nyingine zinasoma 120, hiyo imepakwa mara mbili, lakini huenda ilirudiwa kiwandani mle mle baada ya mkaguzi kuona kasoro, na ikaokwa upya bati likiwa tupu. Usipige kelele za ajali kabla hujatazama boliti za paneli hiyo kama zimeguswa, na mpira wa ukingoni kama una rangi iliyomwagikia. Ukikuta mahali panasoma zaidi ya 500, hapo karibu hakika kuna pati chini, na hapo kelele ni halali.

Tiba, kuanzia ndogo

Kanuni ninayoishika ni hii: tumia tiba ndogo kuliko zote inayofanya kazi, na uwe tayari kuacha dosari ilivyo. Kuacha ni tiba. Punje moja iliyo chini ya klia karibu na taa ya nyuma, ambayo lazima upige magoti uione, ikisuguliwa inageuka kuwa doa lenye klia nyembamba juani, miaka yote iliyobaki ya gari hilo.

Polishi nyepesi ya mashine huondoa mikroni moja au mbili. Hiyo inatosha kwa alama za duara na ukungu wa juujuu, na gari linaweza kuivumilia mara kadhaa katika maisha yake. Punje ya vumbi iliyochomoza hukatwa kwa kipande cha msasa wa maji namba 2000 au 3000 kisichozidi ukucha kwa ukubwa, kisha polishi mahali hapo. Mchirizi unaweza kukwanguliwa hivyo hivyo, kwa kuwa pale klia imejikusanya. Zote hizi ni kazi za mtu mwenye kifaa cha kupimia, anayepima kabla na baada. Asiye na kifaa anabahatisha kwenye mali yako.

Kusugua gari zima ili kuondoa ganda la chungwa ni shauri lingine kabisa. Msasa wa maji ukifuatiwa na polishi ya kukata unaweza kula mikroni 10 au zaidi kwa urahisi, na kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti, ambako rangi huwa nyembamba zaidi, hutoboa mapema. Dawa za kuzuia jua zimo ndani ya klia yenyewe, kwa hiyo klia ikipungua nazo zinapungua. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Jua lake halina huruma kwa klia nyembamba. Gari litatoka linang'aa kweli, kila mtu atamsifu fundi, na miaka michache baadaye paa na boneti vitaanza kuchubuka vipande vyeupe. Kama unataka rangi laini kama kioo, fanya uamuzi huo ukijua unalipa kwa umri wa klia. Mimi kwa gari langu nisingefanya.

Zipo dosari ambazo polishi haizigusi. Vishimo vya mviringo vinavyofanana na jicho la samaki hutokea pale ambapo tone la mafuta au silikoni lilikuwa kwenye bodi, rangi ikalikimbia. Vipovu vidogo kama ncha ya sindano ni kiyeyushi kilichotaka kutoka klia ikiwa imeshaanza kuganda juu. Hivyo ni matundu, na tundu huwezi kuliondoa kwa kusugua isipokuwa uifikie sakafu yake. Vikiwa vichache na havifiki prayma, viache. Vikiwa vingi, au klia ikiwa haipo kabisa mahali fulani, au rangi ikianza kuinuka, basi paneli hiyo inastahili kupakwa upya kwa gharama ya muuzaji, na hapo usione haya kudai.

Kuinuka kwa rangi si jambo la kubahatisha, na halihusu magari ya bei rahisi tu. Magari mengi ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 yalibanduka rangi kwa sababu yalipakwa rangi moja kwa moja juu ya prayma ya kwanza bila ile ya pili. Jua lilipenya, likaila prayma ya chini, na rangi ikakosa pa kushika. Toyota nayo imekiri hadharani tatizo la kubanduka kwa rangi nyeupe yenye kodi (namba ya utambulisho wa rangi) 040 kwenye baadhi ya magari yake, likisababishwa na jua, na ikaongeza muda wa kuyahudumia katika nchi kama Australia na Marekani. Kwa hiyo ukiona klia imeinuka pembeni kwenye gari lenye miezi michache, usikubali maneno kwamba "umeliosha vibaya". Sabuni haiwezi kuinua rangi iliyoshika.

Upakaji ukilazimika, uliza maswali kabla ya kutoa ufunguo. Litapakwa wapi, ndani ya chumba kilichofungwa au nje? Ukipaka nje hapa Mwanza, hasa karibu na ziwa, kuna jambo ambalo fundi wa Dodoma halijui: vidudu vya ziwani. Vinapoinuka kama moshi juu ya maji na upepo ukavileta nchi kavu, hutua kwenye kila kilicho kibichi. Rangi mbichi iliyo chini ya mwembe haina kinga. Uliza pia kodi ya rangi iliyotumika, ambayo imeandikwa kwenye kibati, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, na kama watachanganya rangi na kuififisha kwenye paneli jirani ili isionekane mpaka. Uliza kama klia ni ya hadina. Ukiambiwa ya tina peke yake inatosha kwa gari hilo, ondoka.

Karatasi zinasema nini

Kama umenunua kwa wakala rasmi, ile fomu ya makabidhiano ndiyo silaha yako. Mara nyingi ina sentensi inayosema umelipokea gari likiwa katika hali nzuri. Andika chini yake kwa mkono kila dosari uliyoiona, paneli kwa paneli, na uombe mwakilishi atie saini. Piga picha zenye tarehe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamchukulia mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo kuwa ameahidi zina ubora wa kuuzika. Lakini kama mnunuzi ameikagua bidhaa, ahadi hiyo haifiki kwenye kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Maana yake kwa lugha ya mtaani: ukilizunguka gari mara tatu, ukasaini na kuondoka, vinundu na michirizi iliyokuwa wazi ni vigumu kurudi nayo wiki ijayo. Kasoro iliyofichika, kama rangi inayobanduka baadaye, bado inadaiwa, na kitabu cha waranti kitakuambia ni kwa muda gani. Muuzaji akikaidi, Tume ya Ushindani, maarufu kwa jina la FCC, ina jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003.

Kabla hujadai, amua unachotaka. Unaweza kuomba marekebisho, punguzo la bei, paneli kupakwa upya, au gari jingine. Kwa dosari ndogo, punguzo ndilo ninalolipendelea: rangi ya kiwandani inabaki, na fedha inakwenda kwenye ulinzi wake.

Aliyeagiza mwenyewe kupitia wakala wa forodha akague gari bandarini, Dar es Salaam, kabla halijagusa barabara. Kutoka pale hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 1,100, na gari la spoti lina pua ya chini na fenda za nyuma zilizotanuka ambazo hupokea kila kokoto la lori lililo mbele. Likiendeshwa, litafika na alama, na hutaweza tena kutenganisha za melini na za barabarani. Kulibeba kwenye lori lililofunikwa ni ghali, lakini kwa gari la aina hii ni gharama ninayoiona ya haki. Kokoto lililofika hadi chuma lizibwe mapema kwa kalamu ya rangi yenye kodi ya gari lako.

Kuhusu seramiki na waksi

Rangi ya kiwandani imeshaiva ndani ya oveni. Ule ushauri wa kusubiri miezi kadhaa kabla ya kupaka waksi unahusu rangi ya gereji, ambayo huendelea kutoa kiyeyushi kwa wiki nyingi. Gari jipya unaweza kulipaka waksi siku unayolipokea.

Seramiki, dawa ya ulinzi inayopakwa juu ya klia, inatangazwa sana sasa. Ni tabaka la mikroni moja au mbili hivi, mara nyingine chini ya hapo. Husaidia maji na uchafu kuteleza, lakini halizuii kokoto. Ile alama ya "9H" inayotajwa ni kipimo cha ugumu wa risasi za penseli, na isikufanye udhani gari limevishwa jiwe. Tena, haifichi dosari: inaifungia ndani, na kuigusa dosari hiyo baadaye itabidi seramiki isuguliwe kwanza. Rekebisha kwanza, paka baadaye. Kinachozuia kokoto ni filamu ya plastiki angavu yenye mikroni 150 hadi 200, yaani nene kuliko rangi yote ya gari lako. Bampa la mbele, boneti na fenda za nyuma zikivikwa filamu hiyo, nyingine unaweza kuziacha.

Wapo wanaohofia hewa ya ziwani kana kwamba ni ya Kunduchi. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo kutu ya pwani si tatizo la hapa. Tatizo la hapa ni ndege. Korongo wakubwa wenye upara wanaozagaa Mwaloni Kirumba, na mwewe wa mjini, huacha kinyesi chenye asidi. Jua linapokikausha na kuilainisha klia chini yake, huacha alama yenye ukingo usio na mpangilio, iliyodidimia kidogo, ambayo wiki mbili baadaye mtu huiita dosari ya kiwanda. Kinyesi hicho kiloweshwe na kuondolewa siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo vidudu vya ziwani vikishakauka kwenye bampa: vifunike kwa taulo lililolowa maji na sabuni ya gari kwa dakika chache, kisha pangusa bila kukandamiza, kwa sababu vikisuguliwa vikavu vinaacha alama zile zile ambazo ulikuwa tayari kumdai nazo muuzaji.